Fundi akisema "zima antivairasi kwanza", mwambie asimame hapo hapo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikuta sebuleni kwangu. Mmekuwa mkiandika mara nyingi juu ya matapeli wa simu, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na mnatusaidia sana. Lakini kompyuta za majumbani zimesahaulika, na siku hizi ziko nyingi: ya mwalimu anayetunga mitihani, ya katibu wa kikoba, ya mwanafunzi wa chuo, ya dada anayechapa kadi za harusi. Ndani yake mna siri za watu wengi, wala si za mwenye kompyuta peke yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia. Nilishika chaki miaka 31. Nilipostaafu nilichukua sehemu ndogo ya kiinua mgongo nikanunua kompyuta mpakato iliyotumika na printa ndogo, nikaviweka juu ya meza ya chakula nyumbani kwangu Kihonda, hapa Morogoro. Nachapa mitihani ya shule tatu za jirani na natunza hesabu za kikoba chetu cha wanawake 26. Nasema haya ili msomaji asidhani ni benki iliyoingiliwa. Ni meza yenye kitambaa cha plastiki na sahani ya ndizi.

Ilikuwa usiku wa Jumanne, mwezi wa Machi, saa nne kasoro. Nilikuwa nimemaliza kuchapa swali la ramani la Kidato cha Pili, nikaenda jikoni kuchemsha chai. Niliporudi na kikombe nikaona mshale unatembea kwenye kioo. Kipanya kilikuwa pale pale nilipokiacha, juu ya daftari, hakuna aliyekigusa. Nilisimama nikatazama. Mshale ukaenda moja kwa moja kwenye folda ya kikoba, ukafungua hesabu za Februari, ukazifunga, ukafungua orodha ya wanachama, ukaifunga. Haukuwa na haraka. Ulikuwa kama mtu anayepekua kabati akijua mwenye nyumba kasafiri. Kisha ukafungua picha za vitambulisho vya NIDA vya akina mama wote 26. Picha ya kwanza ikajaa kioo kizima: mweka hazina wetu, na ushungi wake, ananitazama.

Chai ilinimwagikia mkononi. Nikachomoa ruta, kile kifaa cha intaneti, kwenye umeme, na mshale ukasimama katikati ya uso wake.

Sikulala usiku ule. Asubuhi nilimpigia fundi wangu, hakupatikana. Hapo nikafanya kosa ambalo nawaomba wasomaji wasilirudie. Niliwasha tena intaneti, nikakaa kwenye kompyuta ile ile, nikabadilisha nywila ya barua pepe, nikajiona nimefunga mlango. Kumbe nilikuwa nabadilisha kufuli huku mwizi amesimama nyuma yangu anatazama funguo mpya. Siku tatu baadaye mkuu wa shule mojawapo akanipigia kuuliza kama pesa imefika salama.

"Pesa gani, Madam?"

"Ya mitihani, Mwalimu. Shilingi 385,000. Si uliandika kwamba laini yako ina matatizo, nitume kwenye namba mpya?"

Barua ilitoka kwenye anwani yangu mwenyewe. Ilikuwa na salamu zangu, na ilimalizia kwa "nakutakia kazi njema", maneno ambayo nimekuwa nikiyaandika tangu enzi za barua za posta. Mkuu wa shule alipoona jina geni kwenye muamala aliandika kuuliza, akajibiwa kwamba ni laini ya mwanangu. Alikuwa mwangalifu kuliko watu wengi. Na mimi sikuiona barua hata moja kati ya hizo, si ya kwenda wala ya kurudi.

Aliyenifumbua macho ni binti wa jirani, niliyemfundisha kuanzia Kidato cha Kwanza na sasa anasoma kompyuta chuoni. Alikuja Jumamosi asubuhi, akaniamkia, akavuta kiti. Hakugusa kitufe. Aliniuliza kwanza: "Mwalimu, nani alikupigia Windows?"

Wanaotumia kompyuta hapa kwetu wanajua maana ya swali hilo. Kompyuta ikiwa nzito, unampelekea fundi "apige Windows", yaani asakinishe upya mfumo unaoiendesha kompyuta. Anapiga, anakuwekea na programu za kuandikia na za mahesabu, unalipa shilingi 15,000 au 20,000, unarudi nyumbani umefurahi. Programu zile huwa hazikununuliwa. Zimefunguliwa kwa kreki, yaani kijiprogramu kinachoidanganya kompyuta iamini kwamba leseni imelipiwa. Na kreki nyingi huja na sharti moja linalosemwa waziwazi: zima antivairasi kwanza, yaani ile programu inayoilinda kompyuta dhidi ya virusi. Nilikuwepo fundi alipoizima ya kwangu. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Hii huwa inasumbua, Mwalimu, inadhani kila kitu ni kirusi." Nikakubali. Mimi niliyewakataza watoto miaka 31 mfululizo wasiniambie "ndivyo ilivyo" bila sababu, siku ile nikakubali.

Binti alifungua sehemu ya usalama ya Windows. Kila kitu kilikuwa na alama ya vyema ya kijani, nami nikashusha pumzi. Akaniambia, "Subiri kwanza." Akashuka hadi chini kabisa, kwenye orodha ya vitu vilivyosamehewa ukaguzi, yaani mahali ambapo mlinzi ameagizwa asipatazame. Orodha ilikuwa na mstari mmoja tu: diski C yote. Fikirini mlinzi wa getini anayeandika kila asubuhi kwamba usiku ulikuwa shwari, kumbe ameambiwa asitazame upande wa nyumba. Ile alama ya kijani haikuwa ya uongo. Mlinzi hakuona kitu kwa sababu alikatazwa kuangalia. Naomba kila msomaji mwenye Windows aifungue orodha hiyo leo hii. Kwa kompyuta ya nyumbani inapaswa kuwa tupu.

Akaifuta ile ruhusa, akaamuru ukaguzi unaofanyika kabla Windows yenyewe haijaamka. Huo una faida yake, maana programu ya kijasusi ikiwa macho inaweza kujificha, lakini ukiikuta bado imelala haina pa kukimbilia. Kompyuta ikajizima, ikawaka na kioo cheusi, ikachukua kama robo saa. Ilipomaliza ilikuwa imekamata kitu kwenye folda ile ile iliyokuja na kreki. Kilikuwa kimekaa humo miezi minane.

Nilidhani kirusi ni kile kinachoharibu: mafaili yanapotea, kompyuta inazima. Cha kwangu hakikuharibu chochote, na ndiyo maana kilikaa. Kazi ya vitu vya namna hii ni kuchukua nywila zote ulizokubali kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, kikuhifadhie, kuzifunga kifurushi na kuzituma kwa watu wanaoziuza. Pamoja na nywila huchukua vidakuzi, vile vijifaili vinavyoufanya mtandao ukukumbuke usiulizwe nywila kila mara. Akishakuwa na kidakuzi chako mtu anaweza kuingia kwenye barua pepe yako bila hata kuijua nywila, maana mtandao unadhani ni wewe uliyerudi. Mei 2025 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba programu moja tu ya aina hiyo, iitwayo Lumma, ilikuwa imeingia kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows katika miezi miwili. Mojawapo ya njia zake za kusambaa ni hizo hizo programu za kreki. Niliposomewa habari hiyo niliacha kujiona mjinga peke yangu, na hasira ikaanza kuingia mahali pa aibu.

Tukafungua barua pepe, safari hii kwenye kivinjari cha simu yangu kwa mwonekano wa kompyuta, na si kwenye kompyuta yenyewe. Gmail inaweza kugeuzwa ikawa ya Kiswahili, na nawashauri wenzangu waigeuze, maana mimi nilikuwa napita juu ya maneno mengi bila kuyaelewa. Kwenye mipangilio, upande wa vichujio, tulikuta agizo ambalo sikuliweka: kila barua itokayo kwa mkuu wa shule yule isiingie kwenye kikasha, iende moja kwa moja kwenye tupio. Ndiyo maana sikuona kitu. Mgeni alikuwa anasoma barua zangu, anazijibu na kuzizika. Tulifuta kichujio, tukaangalia kama kuna anwani nyingine inayotumiwa nakala, tukaondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti, na hapo ndipo tukabadilisha nywila. Hatua hizo zote zina maana. Ukibadilisha nywila bila kuwafukuza waliomo, au ukaibadilishia kwenye kompyuta yenye ugonjwa, umejichosha bure. Tukaongeza na uhakiki wa hatua mbili, ule wa tarakimu zinazozalishwa na programu kwenye simu. Binti alipendelea huo kuliko wa ujumbe mfupi kwa sababu kuna watu huhamishiwa laini zao na matapeli, na ujumbe unaenda huko.

Na ule mshale? Jibu lilikuwa dogo kiasi cha kutia uchungu. Siku ile fundi aliponipigia Windows aliacha pia programu ya kumwezesha kuingia kwenye kompyuta yangu akiwa mbali, ili nikipata tatizo asilazimike kupanda bodaboda hadi Kihonda. Nia ilikuwa njema. Programu yenyewe ni halali, ofisi nyingi zinaitumia. Lakini aliiwekea nywila ya kudumu ya tarakimu sita, akaiagiza iamke kila kompyuta inapowaka, wala hakuniambia. Kwa muda wa miezi minane nyumba yangu ilikuwa na mlango wa nyuma nisioujua, na funguo zake wanazo watu kadhaa.

Fundi alikuja Jumapili jioni. Ni kijana wa miaka isiyozidi 25, mpole, ana kibanda karibu na stendi. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, kaa." Nilimwonyesha kwenye kioo. Alitazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba tarakimu zile sita amewawekea wateja wake wote. Nilimuuliza ni wangapi. Akatoa daftari mfukoni, akahesabu: 43. "Ndivyo nilivyofundishwa, Mwalimu. Aliyenifundisha naye alikuwa anafanya hivyo." Nilikuwa nimejiandaa kumsema, nikashindwa. Nimeona nyuso za namna ile darasani, za mtoto aliyekosea kwa sababu alinakili ubaoni kilichokosewa na mwalimu.

Kabla hatujapiga Windows upya nilikwenda kituo cha polisi nikapewa RB, ile karatasi ya kuthibitisha kwamba nimetoa taarifa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatamka wazi kwamba kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama hukuiba kitu. Namba iliyopokea pesa niliituma pia kwa ujumbe kwenda 15040, ile ya kuripoti utapeli. Binti alinishauri tusiisafishe diski yenyewe, maana huo ni ushahidi. Tuliitoa, tukaiweka kwenye bahasha ya kaki na tarehe juu yake, tukanunua diski mpya kwa shilingi 70,000. Ziko kabatini bahasha na karatasi ya RB pamoja. Pesa ya shule niliilipa mimi.

Sasa msikilize jambo lililoniuma kuliko hiyo pesa. Tulipopiga Windows upya kwenye diski mpya, safari hii kwa faili lililopakuliwa kutoka kwa wenye Windows wenyewe, hatukuhitaji kreki. Iliwaka na kujithibitisha yenyewe mara tu ilipopata intaneti. Leseni halali ilikuwa imo tangu kiwandani, imehifadhiwa ndani ya ubao mama wa kompyuta. Kompyuta nyingi za mpakato zinazoletwa kutoka nje zikiwa zimetumika zinakuwa nayo. Ila leseni ni ya toleo fulani, na ukipiga toleo jingine haitambuliki. Fundi alinipigia toleo kubwa zaidi kwa kuniheshimu, akidhani ananipa kizuri, kisha akalazimika kulifungulia kwa kreki. Kwa hiyo nilibebeshwa jasusi miezi minane kwa ajili ya kitu nilichokuwa nacho tayari. Wenye kompyuta, muulizeni fundi swali hilo kabla hajaanza: hii ilitoka kiwandani na toleo gani?

Kwa upande wa kuandikia na mahesabu niliacha zile za kreki nikachukua LibreOffice, ambayo ni bure na inafungua mafaili yale yale ya shule. Wiki ya kwanza nilikasirika nayo kwa sababu vitufe vimekaa kwingine. Wiki ya pili nilichapa mtihani mzima wa Historia, majedwali na yote, na hakuna aliyegundua tofauti.

Kuna la Windows 10 pia, ambalo watu wengi halijawafikia. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 haipewi tena marekebisho ya usalama ya kawaida. Kompyuta nyingi za zamani, yangu ikiwemo, haziwezi kubeba Windows 11 kwa utaratibu uliowekwa. Upo mpango wa kuongezewa muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na mtu wa nyumbani anaweza kujiandikisha bila kulipa akiwa na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yake ihifadhiwe huko. Nimejiandikisha. Muda huo ukiisha binti ameahidi kunihamishia Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambayo ni bure na inafanya vizuri kwenye mashine za umri wa hii yangu.

Najua kwa nini watu huzima masasisho. Ni bando. Nami nilikuwa nimezima, kwa kuwa mara moja yalinimalizia bando la wiki asubuhi moja. Lakini tukumbuke Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 na kuwadai wenyewe fidia, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya watu. Rekebisho la kuziba tundu lile lilikuwa limetolewa Machi mwaka ule ule, miezi miwili kabla. Waliokuwa wamesasisha kompyuta zao kilipita mlangoni kwao. Mimi sasa nanunua bando la usiku mara moja kwa wiki, naiacha kompyuta iwake na isasishe nikiwa nimelala.

Mengine ni madogo lakini nimeyafanya yote. Kompyuta ina akaunti mbili: ya msimamizi, ambayo nywila yake nimeiandika kwenye karatasi na kuifungia kabatini, na ya kawaida ninayoitumia kila siku, ambayo haiwezi kusakinisha programu nyingi bila nywila ya ile nyingine. Wajukuu wanapotaka kupakua michezo wanaishia hapo. Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta ilikuwa bado ile ya kiwandani, neno moja ambalo kila mtu analijua, tumeibadilisha. Kivinjari hakihifadhi tena nywila zangu. Kamera nimeibandika kipande cha plasta ya kidonda. Kazi zangu nazinakili kwenye diski ya nje kila Ijumaa, kisha naichomoa, maana diski iliyoachwa imechomekwa inaingiliwa pamoja na kompyuta.

Flashi nayo isisahaulike, kwa sababu makarani wa shule huniletea mitihani kwa flashi zilizopita kwenye steshenari tano. Ukiona folda kwenye flashi ina kialama cha mshale mdogo kwenye kona, usiibofye. Folda yako halisi imefichwa, na hiyo unayoiona ni njia ya mkato inayomwamsha mdudu. Pia nimeagiza kompyuta ionyeshe mwisho wa kila jina la faili. Zamani ningeona "Mtihani.pdf" nikafungua. Sasa naona kwamba jina zima ni "Mtihani.pdf.exe", na faili linaloishia hivyo si mtihani, ni programu.

Nilisimama mbele ya kikoba Jumamosi iliyofuata. Kwa miaka yote ya kufundisha sikuwahi kuogopa kusimama mbele ya watu kama siku ile. Niliwaambia kwamba majina yao, namba zao za simu na vitambulisho vyao vilitazamwa na mtu nisiyemjua kwa sababu ya uzembe uliofanyika mezani kwangu. Wengine walilia. Mweka hazina aliuliza, "Kwa hiyo anaweza kukopa kwa jina langu?" Sikuwa na jibu la kumtuliza. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake ni kwamba taarifa za mtu ni zake hata zikiwa mikononi mwako. Sikuwa nimewahi kujitazama kama mtu anayeguswa na sheria ya namna hiyo. Nilijiona mama tu anayeandika hesabu. Picha za vitambulisho sizihifadhi tena kwenye kompyuta. Kikoba hakikuzihitaji, tuliziomba kwa mazoea.

Mhariri, ninachoomba ni hiki. Mafundi wetu wa mitaani ndio madaktari wa kompyuta za watu wa kawaida, na siwataki wafukuzwe kazini wala kutukanwa. Nataka fundi akimaliza kazi amwachie mteja karatasi: nimeweka programu hizi, nimeondoa hizi, antivairasi iko macho, na hakuna mlango niliouacha wazi. Nataka mteja naye aidai karatasi hiyo kama anavyodai chenji yake. Na kwenu ninyi wa gazeti, naomba mtenge safu, hata iwe fupi, inayoeleza mambo haya kwa Kiswahili kinachoeleweka. Onyo linapotokea kwenye kioo kwa Kiingereza, mtu wa kwetu anabofya kitufe chochote ili liondoke. Nimewaona wakibofya. Nimebofya mwenyewe.

Yule kijana fundi alichukua daftari lake na kuanza kuwazungukia wateja wake, mmoja mmoja, kuondoa programu ile na kukagua ile orodha ya vilivyosamehewa. Hawatozi. Binti wa jirani alimwandikia hatua zote kwenye karatasi ya mitihani iliyobaki kwangu. Jana alipita hapa kunisalimia, akanionyesha daftari: amefika kwa mteja wa 17, na kwa tisa kati ya hao amekuta diski yote imesamehewa ukaguzi kama ya kwangu.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro
(Naomba jina langu lihifadhiwe)